Bega Lililosahau Kupanda

Ninaandika haya kwa mkono wa kulia, na nikimaliza nitauinua mkono huo huo na kuliweka daftari juu ya kabati. Mwaka juzi nisingeweza kulifikisha hata kwenye rafu ya katikati. Ninawaandikia ninyi ambao bega limewaganda, mnaovalishwa shati na wake zenu au waume zenu, kisha mkiulizwa mnasema mmelalia mkono vibaya. Nami nilisema hivyo. Nilisema vizuri kuliko wote, kwa sababu mimi ni mtu wa kufanya mambo vizuri.

Jina langu ni Kambale, na kazi yangu ni dari. Niliondoka Butembo na diploma ya shule ya sekondari na begi moja. Huko Kampala nilibeba jasi mgongoni mchana na kusoma jioni, hadi nikapata diploma ya pili, ile ya kumalizia majengo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala tajiri aliyenisukuma. Nilirudi Butembo nikiwa na vyombo vyangu vya chuma, na ndani ya miaka sita nilikuwa nimefunga dari katika maghorofa ambayo ninyi mkipita barabarani mnayaangalia kwa nje tu. Mimi nayajua kwa ndani, tena kwa juu. Dari zenye ngazi, dari zenye mawimbi, dari zenye taa zilizofichwa. Kama kuna mtu mwingine mjini anayepinda jasi kama mimi, bado sijamwona.

Kwa hiyo kanisa letu lilipomaliza kuezeka jengo jipya, halmashauri ya ujenzi iliniita. Mwenyekiti wao, Mzee Kakule, aliniuliza nitaweka nini katikati ya dari, juu ya mahali pa waimbaji. Nikamchorea ua la jasi la ngazi tatu, upana wake kama chumba. Akalitazama sana.

"Na hii maua atafunga nani? Bafanyakazi?"

"Mkono wangu mwenyewe, Mzee," nikamjibu. "Huu hapa."

Nikauinua. Ilikuwa Januari, wakati wa kiangazi kifupi, na nilipouinua nilihisi kitu kama sindano ndefu ikiingia mbele ya bega. Niliushusha mkono nikiwa bado natabasamu.

Maumivu yalianza hivyo, bila ajali, bila kuanguka. Mwezi wa kwanza yalikuwa ya kuja na kuondoka. Mwezi wa pili yalihamia. Nilishindwa kulala upande wa kulia, kisha upande wowote. Mwezi wa tatu maumivu yalipungua kidogo nikamshukuru Mungu, bila kujua kwamba yalikuwa yanapisha kitu kibaya zaidi. Mkono wenyewe ulikuwa unafungwa. Siku moja nilinyoosha mkono kuchukua sabuni dirishani, ukasimama njiani. Niliusukuma kwa mkono wa kushoto. Haukwenda. Ilikuwa kama mlango ambao mtu ameuwekea kitanda kwa nyuma.

Kuanzia hapo mke wangu, Kavira, ndiye aliyenivalisha. Mkono mgonjwa huingia kwanza, kisha kichwa, kisha mkono mzima. Wenye bega bovu mnaujua mpangilio huo. Alinifunga mkanda. Alinisugua mgongo kwa sababu mkono wa kulia haukufika nyuma hata kwenye mfuko wa suruali. Nyama ya bega ilikonda hadi mfupa ukatokeza kama kona ya meza. Mimi ambaye niliwahi kushikilia ubao mzima wa jasi juu ya kichwa nikiimba!

Sasa nitawaambia kosa langu, na ni kosa ambalo nadhani lingeweza kufanyika Butembo tu. Mjini kwetu, fundi anayefanikiwa ana siku yake ya kuacha kushika vyombo. Siku hiyo anavaa koti, anatia mkono mfukoni, anasimama chini na kuonyesha kwa kidevu. Watu hawaulizi anaumwa nini. Wanasema amekuwa patron, yaani bosi. Nami nilikuwa na koti zuri la rangi ya majivu kutoka Kampala. Nikalivaa. Nikatia mkono wa kulia mfukoni, ambako haukuuma, nikaanza kwenda kazini hivyo.

Ilifanya kazi ajabu. Wafanyakazi walinyooka. Wateja walinisalimia kwa heshima mpya. Nilipotoa mkono kuwasalimia nilibana kiwiko ubavuni nikatoa vidole tu, kwa haraka, nikaurudisha mfukoni. Na kwetu salamu fupi namna hiyo ni ya watu wakubwa. Kasereka, msimamizi wa wafanyakazi wangu, ambaye tulianza naye tukiwa hatuna hata ngazi, ndiye aliyepanda jukwaani mahali pangu. Mimi nilisimama chini nikisema kushoto, kulia, shusha, pandisha. Karibu miezi mitatu nilikaa hivyo. Niliona kama nimeushinda ugonjwa kwa akili.

Nyumbani haikuwa hivyo. Jumapili moja, kanisani kwenye jengo la zamani, kiongozi wa nyimbo alituambia tuinue mikono. Niliinua wa kushoto. Kavira alinitazama, akatazama mbele. Tulipofika nyumbani akafunga mlango.

"Papa Neema, unaficha nani?"

"Sifichi mtu."

"Mimi njo nakuvalisha shati kila asubuyi. Mimi njo naona ile mukono inakauka. Unaficha nani?"

"Wateja wakijua watakwenda kwa mwingine. Na ua la kanisa? Watalitoa mikononi mwangu."

"Iko mu mikono yako sasa? Mukono gani?"

Nikaurudisha mkono mfukoni. Siku tatu hatukusemezana isipokuwa wakati wa shati. Hapo ndipo kaka yangu Paluku alipoingia na maelezo yake: mtu fulani mwenye wivu alikuwa ameniwekea kitu kwenye bia. Mimi sinywi bia, lakini hilo halikumzuia. Alileta mtu mwenye wembe na dawa nyeusi. Na mimi, mwenye diploma mbili, nilivua shati nikachanjwa chale tatu begani. Ninaandika hili kwa sababu najua baadhi yenu mmefanya hivyo na mnaona haya. Mimi nimelisema kwanza, sasa mnaweza kupumua.

Chale zilipona vizuri. Bega halikupona.

Kavira ndiye aliyesikia habari za kine mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huko Beni, kwenye kituo kimoja katika mtaa wa Bungulu, mwanamke anayerudisha viungo vilivyokataa kutembea. "Utaenda," alisema. "Na kama unaona haya ya bato ba hapa, kule hakuna mwenye anakujua." Hiyo ilinishawishi kuliko hoja nyingine zote. Nilisubiri siku ambayo habari za barabara zilikuwa njema, nikapanda gari asubuhi nikiwa nimevaa koti langu.

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana, kwa hiyo kila mgonjwa alikuwa televisheni ya mwenzake. Palikuwa na vijana walioanguka na pikipiki, mzee mwenye shingo, na mbele yangu mama mmoja mnene aliyenyoosha mguu juu ya kibao. Alinikagua kutoka viatu hadi kola.

"Uyu papa anaenda kuoa ao anaumwa?"

Benchi zima likacheka.

"Naumwa," nikasema.

"Na mukono iko na tafuta nini mu mufuko? Iko na poteza ufunguo?"

Huyo alikuwa Mama Masika. Alikuwa mkulima wa kakao upande wa Mabalako, na wakati huo aliishi Bungulu kwa binti yake, kwa sababu za usalama ambazo kila mtu wa huku anazijua. Alianguka akiwa na kikapu cha kakao mgongoni, akafungwa plasta kwa muda mrefu, na plasta ilipotoka goti lilikuwa limenyooka kama mpini. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuchuchumaa tena, ili avunje kakao yake mwenyewe.

Kine aliitwa Kahindo. Alikuwa kijana kuliko nilivyotaka. Alinivua koti na shati, akaziona chale, akazigusa kwa kidole.

"Hizi zimepona muzuri," alisema. "Sasa tuangalie yenye ilibakia."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliniambia niulegeze mkono kabisa, akaubeba yeye, akaupandisha polepole. Ukasimama pale pale unaposimama nikiupandisha mwenyewe. "Unaona, Papa Kambale? Si uvivu, si woga. Ata mimi nikiibeba inakataa. Bega imejifunga kwa ndani. Itafunguka, mais itachukua miezi, na kazi kubwa ni yako."

Hakunipa dawa siku hiyo. Sindano ya bega aliniagizia baadaye kwa daktari, nayo ilinipa wiki kadhaa za kulala usingizi. Siku hiyo alinipa maneno. Alisema mgonjwa asiyejua jina la mwendo hawezi kuudai. Kuleta mkono mbele na kuupandisha juu, kama unaweka kitu kwenye rafu, ni fleksio. Kuurudisha nyuma, kama mama anayemgusa mtoto aliye mgongoni, ni ekstensio. Kuupeleka kando mbali na mwili, kama kuku anavyofungua bawa, ni abduksio. Kuurudisha ubavuni, kama unavyobana Biblia kwapani, ni aduksio. Ukibana kiwiko ubavuni na kufungua mkono nje kama mlango, hiyo ni rotasio ya nje. Ukiuleta tumboni au kuupeleka mgongoni kufunga kitenge, ni rotasio ya ndani. Halafu akanionyesha miendo miwili ya kigasha, kati ya kiwiko na kiganja: supinasio, kiganja juu kama anayepokea, pronasio, kiganja chini kama anayefunika sufuria.

"Hizo mbili ninaziweza!" nikasema, nikageuza kiganja mara sita mbele yake.

"Hizo ata mutoto wa jana anaziweza," alisema Kahindo. "Rudi ku abduksio."

Akachukua kipimapembe cha plastiki akanipima. Fleksio digrii themanini. Abduksio sitini. Rotasio ya nje tano. Mtu mwenye bega zima hufikisha mia na themanini kwa yale mawili ya kwanza. Alinifundisha kuinama na kuuacha mkono uning'inie na kuyumba, kupanda ukuta kwa vidole kama buibui, kusukuma fimbo kwa mikono miwili. "Mara kumi kwa siku," alisema. "Popote uko. Si kwa nyumba tu."

Nilirudi Butembo nikiwa na karatasi na maneno manane. Ninajivunia kusema niliyashika yote kabla gari halijafika nusu ya njia. Kwenye benchi, ziara ya pili, nilimfundisha mzee mwenye shingo kwamba kutikisa kichwa kukataa ni rotasio. Mama Masika alisikiliza, kisha akapiga paja lake.

"Goti yangu inajua kazi mbili tu, kukunja na kunyosha, na inafanya. Bega yako inajua zote, na inakataa zote. Maneno mingi, kazi hakuna!"

Ziara ya tatu ilikuja mvua za kupandia maharagwe zikiwa zimekwisha, mwanzoni mwa kiangazi cha Juni. Kahindo alinipima. Fleksio themanini na tano. Abduksio sitini. Rotasio ya nje tano.

"Mazoezi unafanya mara ngapi?"

"Kumi, kama ulivyosema."

Alinipima tena, akaandika namba zile zile. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba labda chombo chake cha plastiki kimepinda. Nilimweleza kwamba pembe ndiyo kazi yangu, kwamba nimefunga dari ambazo digrii moja ikikosewa nyumba nzima inaona, na kwamba ziara ijayo ningekuja na kipimapembe changu cha chuma. Hakukasirika. Alisema, "Lete."

Nikaleta. Wiki mbili baadaye nilikitoa kwenye kitambaa chake mbele ya benchi zima. Watu walikisogelea, ni chombo kizuri. Kahindo alikishika, akakifungua na kukifunga, akasema hajawahi kuona kinachoteleza laini hivyo. Kisha akanirudishia.

"Anza na Mama Masika. Fishi yake, hii karatasi, inasema siku mulikutana goti ilikunja sabini. Pima leo."

Mama Masika akakunja. Nikaweka mkono mmoja wa chuma kwenye paja, mwingine kwenye muundi, kama nilivyoona Kahindo akifanya. Mia moja na nane. Nikapima tena kwa sababu sikuamini. Mia moja na nane.

"Eeh!" Mama Masika alipiga kigelegele. "Ata chuma ya Kampala inasema ukweli!"

"Sasa yako," alisema Kahindo.

Nilivuliwa koti na shati, na chuma changu mwenyewe kikasema abduksio sitini. Si sitini na moja. Nilikitazama chombo nilichokinunua kwa jasho langu, ambacho hakijawahi kunidanganya kwenye ukuta wala kwenye dari, nikakirudisha kwenye kitambaa chake.

"Papa Kambale," alisema Kahindo, "mazoezi unafanyia wapi?"

"Chumbani."

"Mulango wazi ao umefunga?"

"Nimefunga."

"Donc ni mbili. Asubuyi na mangaribi. Na muchana yote mukono iko wapi?"

Nikainama kutafuta shati. Benchi zima lilikuwa linatazama mfuko wa koti nililolivua.

"Ile mufuko," alisema, akashika mkono wangu na kuuweka pale ulipozoea, kiwiko ubavuni, kiganja kimegeukia tumbo, "ni aduksio na rotasio ya ndani. Bega yako inafanya mazoezi siku muzima, Papa. Inafanya mazoezi ya kubakia pale."

Mimi nimewahi kukosolewa na wahandisi nikawashinda kwa hoja. Huyu alinishinda. Nilivaa shati kwa msaada wa kijana wa pikipiki aliyekuwa na mkono mmoja mzima kama mimi. Tulikuwa na mikono miwili kati yetu, na tulicheka, nikashangaa kwamba bado naweza kucheka. Mama Masika alinimegea ndizi yake ya kuchoma. "Kula, mwana wetu," alisema, safari hii bila kebehi. "Haya haishibishe mutu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikihesabu. Kama ningeendelea kuficha, bega lingebaki sitini, na ua la kanisa lingefungwa na Kasereka huku mimi nikionyesha kwa kidevu. Kama ningeacha kuficha, Mzee Kakule angejua kwamba mkono niliomwonyesha Januari haupo, na ua lingeweza kupewa mtu mwingine kabisa. Njia ya kwanza nilikuwa na hakika ya kulipoteza. Ya pili ilikuwa na shaka. Fundi huchagua shaka.

Kesho yake nilikwenda kanisani bila koti. Wafanyakazi saba walikuwa juu ya jukwaa wakifunga fremu, na Mzee Kakule alikuwa chini na wenzake wawili wa halmashauri. Nilifikiria kungoja waondoke. Badala yake nilitembea hadi kwenye ukuta mweupe wa mbele, ule ambao kila mtu anauona, nikaweka vidole vya mkono wa kulia kwenye plasta, nikaanza kupanda. Kidole cha kwanza, cha pili. Kwenye usawa wa kifua maumivu yakaja. Kwenye usawa wa kidevu mkono ukasimama. Nyundo juu zilinyamaza.

"Patron?" aliita Kasereka. "Kuna kitu ku ukuta?"

Niligeuka. Nikawaambia wote. Kwamba bega lilianza kuuma Januari na likaganda, kwamba sikuwa patron, nilikuwa mgonjwa, kwamba ninatibiwa Beni, na kwamba kuanzia leo nitapanda ukuta huo mara kumi kwa siku na anayetaka kucheka acheke sasa tumalize. Kisha nikamgeukia Mzee Kakule nikamwambia kwamba mkono niliomwahidi, kwa sasa, unafika hapa tu. Nikamwonyesha.

Mzee Kakule alikohoa.

"Sisi tulijua tangu Pasaka," alisema.

"Mlijua?"

"Kambale, mutu anakunywa chai na mukono ya kushoto miezi tatu! Anapeana Biblia na kushoto! Unazani tuko vipofu? Tulikuwa tunangoja useme."

Kasereka alikuwa ameshuka ngazi. "Ata siye," alisema. "Mais ulikuwa unapenda ile koti, patron, tukasema tukuache."

Kicheko kilichofuata kilijaza jengo lile lisilo na dari, kikarudi kutoka kwenye mabati. Mimi pia nilicheka, ingawa si mara moja. Lakini lilibaki swali moja. Nikamuuliza Mzee kama ua bado ni langu.

Alitazama juu, kwenye duara tupu katikati ya fremu. "Fungeni kandokando kwanza," alisema. "Katikati itakungoja mpaka Noeli. Noeli ikipita, tutaita mwengine. Kanisa haiwezi kuimba chini ya tundu."

Nilikuwa na miezi sita.

Nitawaambia jinsi miezi hiyo ilivyokwenda, kwa sababu mtaipitia. Juni na Julai ni machozi. Kila asubuhi bega lilikuwa limerudi nusu ya njia niliyolitoa jana. Mara kumi kwa siku nilisimama ukutani, na wafanyakazi wakawa wanahesabu kutoka juu, moja, mbili, kwa sauti moja, wakigonga nyundo kwenye kila namba. Niliweka alama ya penseli kila Jumamosi mahali kidole cha kati kilipofika. Kuna wiki tatu ambazo alama zilikaa juu ya mstari mmoja. Wiki ya nne Kavira alikuja kuniletea chakula, akaziona, akachukua penseli akachora mstari mdogo juu zaidi, kiasi cha upana wa kiganja. "Hapa kwa mwezi wa tisa," alisema. Sisi hatusemezani maneno matamu mchana. Huo ulikuwa mwaka mzima wa maneno matamu.

Agosti, mvua ziliporudi, nilijifunga mkanda mwenyewe. Nilitoka chumbani nikitembea mbele ya mke wangu kama mwanajeshi. Septemba nilifikia mstari wake na kuupita. Kuna Jumatano mbili, siku yangu ya matibabu, barabara ilifungwa na sikufika Beni. Kahindo alinitumia maagizo kwa simu, nami niliyafuata mlango ukiwa wazi. Oktoba niliinua mikono miwili kanisani. Wa kulia ulikuwa chini kidogo ya wa kushoto, kama ndugu wawili. Kavira hakunitazama, lakini niliona shavu lake likiinuka.

Mama Masika alimaliza kabla yangu. Siku yake ya mwisho alichuchumaa katikati ya chumba cha kungojea, sketi ikiwa imekusanywa vizuri, akakaa hapo akituamuru tumtazame. Tulimtazama. Alipoinuka alimwambia Kahindo, "Wasingya," asante ya kwetu, mara tatu, kisha akanigeukia. "Wewe bado, Patron wa mufuko. Hapana kuniaibisha."

Mwanzoni mwa Desemba Kahindo alinipima mara ya mwisho, kwa chuma changu. Rotasio ya nje hamsini na tano. Abduksio mia moja arobaini na nane. Fleksio mia moja hamsini na mbili.

"Mia na hamsini na tano," nikasema. "Umeweka chini kidogo."

"Mia na hamsini na mbili," alisema, "na imekaa hapo wiki tano. Papa Kambale, pengine itaongezeka kidogo, pengine hapana. Bega nyingi zinabakia na deni kidogo. Uishi nayo muzuri."

Zamani ningebishana. Nilitoa penseli. Mia na themanini ukiondoa mia na hamsini na mbili ni ishirini na nane. Nikachora pale pale nyuma ya karatasi yake: mtu, dari, jukwaa, urefu wa mkono wangu. Mtu anayefunga dari huku mkono umenyooka wima kabisa amesimama chini mno. Tulifanya hivyo miaka yote kwa sababu tulikuwa na mabega ya kuchezea. Ukiliinua jukwaa, dari inakuja usoni, na mkono haudaiwi digrii za mwisho. Kahindo alifuata mistari ya mchoro wangu kwa kidole.

"Hii nitaonyesha bagonjwa," alisema, akaiweka kwenye faili lake. Ipo huko hadi leo.

Siku tuliyofunga ua, kabla ya Noeli, Mzee Kakule alikuja na halmashauri yote, na Kavira alikuja na binti yetu Neema. Nilipanda ngazi mwenyewe. Nilijaribu mkono, ukasimama vidole vitatu chini ya fremu. Watu wote chini waliona. Sikuushusha wala sikuuficha.

"Kasereka! Ongeza ubao chini ya jukwaa."

"Moja ao mbili, patron?"

"Mbili. Bega langu ni la digrii mia moja hamsini na mbili. Lipeni heshima yake."

Waliongeza. Nikapanda tena. Kasereka na wenzake wakashikilia kipande cha kwanza cha ua, nami nikaweka skrubu, nikageuza kiganja juu, nikageuza chini, na jasi ikakaa kwenye chuma bila kuacha ufa hata wa kupitisha unywele. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jasho liliniingia machoni na bega lilikuwa linawaka, nikaendelea. Skrubu ya mwisho ilipoingia nilibaki pale juu kidogo, kiganja kikiwa kimelala kwenye ua, ili wote walioko chini waone ni mkono upi.